Mwongozo kamili: Kununua vifaa vya mafunzo ya huduma ya kwanza kwa kituo cha zimamoto, visije vikaishia stoo

Wakuu, hili swali linarudi kila baada ya muda na watu wanaendelea kuangukia palepale, so leo twende nalo hatua kwa hatua. Mdau kapata hela au kituo kimepitishiwa bajeti, askari wana hamu ya kujifunza kuhudumia majeruhi, afu baada ya miezi kadhaa ukipita kituoni unakuta mdoli mmoja wa mazoezi wa bei mbaya kafungiwa stoo, mapafu yake ya plastiki yameisha, chaja haijulikani ilipo na hakuna anayethubutu kuugusa maana akiuharibu ataulizwa. Hela imetoka, mafunzo hamna.

Mifano yangu ni ya Tanzania bara, kwenye vituo vya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Zanzibar wana kikosi chao na Kenya zimamoto iko chini ya kaunti, kwa hiyo karatasi zitatofautiana ila vifaa na makosa ni yaleyale.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaomba bei

- Daftari la matukio la kituo, angalau la mwaka mzima uliopita
- Orodha ya askari kwa kila shifti, na nani ana cheti gani cha huduma ya kwanza
- Orodha ya vifaa tiba vilivyopo kwenye magari sasa hivi (kola za shingo, machela, ambubagi yaani ule mfuko wa kukamua wa kumpa mtu pumzi, kila kitu)
- Jina la mtu atakayefundisha. Jina kabisa, sio "tutapata mtu"
- Kabati linalofungika, ndani ya chumba chenye kivuli
- Kiasi cha hela kilichopo na kinatoka mfuko gani
- Rula na kalamu ya rangi (rula utaihitaji siku ya kupokea mzigo, kalamu ni ya kuweka alama)

Kama huna jina la mwalimu, simama hapohapo. Chama cha Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, na kitengo cha dharura cha hospitali ya mkoa mara nyingi wako tayari ukiwafuata na barua. Mwalimu apatikane kwanza, maana ndo atakayekwambia anatumia vifaa gani.

## Hatua ya 1: Soma daftari la matukio, usianze na katalogi

Katalogi inakuuzia kile wanachotaka kuuza. Daftari linakwambia askari wako wanakutana na nini. Kaa nalo, gawa matukio kwenye mafungu: ajali za barabarani, moto wenye majeruhi, waliozama mtoni au baharini, waliotumbukia visimani na kwenye mashimo ya choo, waliofukiwa na kifusi.

Kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma kitakuta majeruhi wa bodaboda na mabasi wamejaa, so kipaumbele ni kuzuia damu na kushika shingo. Kituo cha Mwanza au cha pwani kitakuta waliozama, na hao kwanza kabisa wanahitaji pumzi, hapo ambubagi na midoli ya watoto inapanda juu ya orodha. Ukichanganya hizi mbili unanunua kitu kizuri kwa kazi isiyokuwepo.

Hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja yenye matukio matatu au manne yanayojirudia, na pembeni ya kila moja umeandika mkono wa askari unatakiwa kufanya nini. Sio "afahamu", afanye.

## Hatua ya 2: Hesabu vichwa, ndo upate idadi ya midoli

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa. Watu wananunua mdoli mmoja wenye kila kitu badala ya minne ya kawaida.

Fanya hesabu. Shifti ina watu 12. Kila mmoja anabonyeza kifua dakika 2, kama kazini, maana hata kwenye tukio la kweli mnatakiwa kupokezana kila dakika 2 kabla mtu hajachoka. Mdoli ukiwa mmoja, mtu akimaliza zamu yake anasubiri dakika 22 ndo irudi. Wengine wako kwenye simu, wengine wanapiga stori, nani awalaumu? Midoli ikiwa minne anasubiri dakika 4, na hizo dakika 4 anazitumia kumkosoa mwenzake.

Shirika la moyo la Marekani, AHA, kwenye kozi yake ya BLS (huduma za msingi za kuokoa maisha) linataka mdoli mmoja usizidi wanafunzi 3 na mwalimu mmoja asizidi wanafunzi 6. Chukua hicho kama kipimo. Shifti ya 12: midoli minne, walimu wawili. Shifti ya 6: midoli miwili inatosha. Huna haja ya kununulia kituo kizima kwa mpigo, shifti zinapokezana vifaa.

## Hatua ya 3: Chagua vifaa kwa mafungu

### Midoli ya CPR

CPR ni kule kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama. Kiwiliwili kinatosha, yaani kichwa na kifua. Miguu na mikono unailipia bure kama kazi ni kubonyeza kifua tu.

Kitu cha lazima ni mdoli unaojibu. Viwango vya mtu mzima ni kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikirudi juu chote kila unapobonyeza, na pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Macho ya mwalimu hayawezi kupima hivyo vyote kwa watu wanne kwa pamoja. So kuna midoli inayolia "klik" ukifika kina, kuna yenye taa za kuonyesha kasi, na kuna inayotuma matokeo kwenye simu kwa bluetooth. AHA tangu tarehe 31 Januari 2019 wanataka kozi zao za CPR ya mtu mzima zitumie kifaa kinachompa mwanafunzi majibu hapohapo, na sababu inaeleweka: bila majibu mtu anajifunza kubonyeza vibaya kwa kujiamini.

Mimi kwa kituo cha kawaida napendelea taa na klik kuliko vya simu. App inataka simu inayoendana, update, na mtu ambaye hajahamishwa. Betri za kawaida unazipata duka lolote.

Ongeza mdoli wa mtoto mmoja na wa kichanga mmoja au wawili. Kichanga kinabonyezwa kama sentimita 4 na mbinu ya vidole ni tofauti kabisa, huwezi kuifundisha kwenye mdoli wa mtu mzima hata uwe mbunifu vipi.

Mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza ni rangi ya ngozi, watengenezaji wakubwa wana midoli meusi, weka kwenye oda, usipoandika unaletewa mweupe. La pili ni mdoli wenye umbile la kike, au fulana ya kuvalisha yenye matiti. Askari wengi wanasita kumfungua mwanamke kifua mbele za watu, na tafiti za nje zimeonyesha wanawake wanapata CPR mtaani mara chache kuliko wanaume. Aibu hiyo imalizikie darasani.

### AED ya mafunzo

Ile mashine ya kushtua moyo ina toleo la mafunzo ambalo linaongea, lina pedi za kubandika, ila halitoi umeme. Tahadhari: usifundishie AED ya kweli. Unamaliza betri na pedi za gharama, na yupo mtu siku moja atamjaribishia mwenzake.

Kama kituo au uwanja wa jirani una AED ya kweli, nunua ya mafunzo inayofanana nayo. Kama hakuna AED yoyote mkoani kwenu ambayo askari wataigusa, nunua moja tu ya bei nafuu kwa ajili ya uelewa, hela peleka kwingine. Nyingi zinaongea Kiingereza, uliza kama lugha inabadilishika, isipowezekana andika maelekezo ya Kiswahili kwenye kadi na uibandike kwenye mfuniko.

### Kuzuia damu

Hapa ndo nakuomba usibane hela, kwa sababu mtu anaweza kuisha damu ndani ya dakika chache na kazi yenyewe mwenye mikono miwili anaiweza.

Unahitaji mikanda ya kubana damu ya mazoezi, ile yenye kijiti cha kusokota, mmoja kwa kila watu wawili. Toleo la mazoezi mara nyingi linakuja rangi ya bluu. Mkanda uliosokotwa mara nyingi unachoka, kijiti kinalegea na velkro inakufa, kwa hiyo mkanda wa mazoezi usirudi kwenye gari hata siku moja. Na feki zimejaa mtandaoni. Mkanda halisi wa kiwango cha jeshi unacheza kwenye dola 30 hivi, ukiona unauzwa dola 5 kijiti kitapinda au kukatika ukikaza sawasawa.

Kujaza jeraha kwa gozi (kile kitambaa laini cha vidonda) huhitaji paja la plastiki la mamia ya dola. Chukua kipande kinene cha sponji la godoro, toboa shimo refu, pitisha mpira wa dripu kwa chini, unganisha na chupa ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula, mmoja akamue chupa na mwenzake ajaze gozi na kukandamiza mpaka maji yakate. Au nenda buchani uchukue mguu wa mbuzi, unakaribia uhalisia kuliko sponji na jioni mnajua wenyewe pa kuupeleka (kama hamjauloweka kwenye rangi).

### Shingo, mgongo na kumtoa majeruhi

Nunua ubao wa mgongo, kola za shingo na mikanda inayofanana na iliyopo kwenye gari. Askari akizoea kola ya aina moja darasani afu barabarani anakuta ya aina nyingine, anaanza kuigeuzageuza wakati majeruhi anasubiri. Kola za kurekebisha saizi zinaokoa hela kuliko kununua kila saizi. Ubao uwe wa kubeba kilo 150 kwenda juu. Afu mwalimu akumbushe kwamba siku hizi ubao unatumika zaidi kumtoa mtu eneo la ajali, sio kumlaza masaa.

### Dami la kukokota

Hili ni tofauti kabisa na mdoli wa CPR na watu wanachanganya. Dami la uokoaji lina uzito wa mtu, kilo 70 au 80, limeshonwa kwa kitambaa kigumu, unaliburuta kwenye moshi, unalishusha ngazini. Mdoli wa CPR ukiuburuta mara moja umekufa. Na dami la nchi kavu usilitupe majini, la majini lina muundo wake.

Bajeti ikibana, chukua ovaroli kuukuu, lijaze vipande vya hosi chakavu za zimamoto, shona, pima kwenye mizani. Zimamoto nyingi duniani wanafanya hivyo na linadumu.

### Cha kuacha

Simuleta la mwili mzima linalopumua, kukohoa na kutoa mapigo ya moyo. Ni maelfu mengi ya dola, linataka fundi, linataka chumba chenye AC. Kichwa cha kufundishia kuingiza mpira kwenye koo nacho acha, kama askari wako hawaruhusiwi kufanya hiyo kazi. Kuhusu kuzalisha, kabla hujanunua kaulize hospitali ya wilaya au chuo cha uuguzi kilicho karibu, wengi wana MamaNatalie na NeoNatalie (midoli ya kufundishia kuzalisha na kumsaidia kichanga kupumua) za mafunzo ya ukunga na wanaweza kuazimisha kwa siku moja.

## Hatua ya 4: Tenga hela ya vinavyoisha

Kwa makadirio yangu tenga kama moja ya tano ya bajeti kwa vitu vidogo. Bila hivi, vikubwa havitembei:

- Mapafu ya midoli (angalia yanakuja mangapi kwenye boksi, na pakiti inauzwaje)
- Ngozi za uso za akiba
- Pedi za AED ya mafunzo, gundi inaisha
- Gozi, bendeji, glovu za mazoezi
- Betri, na ikiwezekana za kuchaji pamoja na chaja yake
- Ambubagi ya mtu mzima na ya mtoto za mazoezi tu, zimeandikwa MAZOEZI kwa kalamu isiyofutika

Muulize muuzaji swali moja kwa maandishi: mapafu na spea za huu mdoli unaziuza wewe, bei gani, zinafika baada ya siku ngapi? Akijiumauma, tafuta mwingine. Anayeuza mdoli bila spea anajua hamtaonana tena.

## Hatua ya 5: Andika sifa, usiandike jina la kampuni

Kwa hela ya umma huwezi kuandika "tunataka brandi fulani" ukaishia hapo, itaonekana umeshamchagua mtu. Lakini ukiandika "mdoli wa CPR, idadi 4" tu, atashinda wa bei ya chini kabisa na utaletewa plastiki lisilobonyezeka. Andika hivi:

*Mdoli wa CPR wa mtu mzima, kiwiliwili, ngozi ya rangi nyeusi. Kifua kibonyezeke hadi sentimita 5–6 na kirudi chenyewe. Uwe na ishara ya sauti au taa ya kina na kasi. Njia ya hewa ifunguke tu kichwa kikiinamishwa nyuma na kidevu kuinuliwa. Kifua kionekane kikipanda unapopuliza. Mapafu ya kubadilisha yasiyopungua 20 kwa kila mdoli. Begi la kubebea. Waranti isiyopungua mwaka 1. Spea zipatikane nchini.*

Sifa zikipimika kwa rula na macho, siku ya kupokea hakuna ubishi.

## Hatua ya 6: Njia ya manunuzi

Hela ya serikali: inapita NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, na wazabuni wanatakiwa wawe wamesajiliwa humo. Afisa manunuzi mshirikishe tangu hatua ya 1, sio unamletea karatasi mwisho wa mwaka wa fedha mwezi Juni afu unamwambia fasta. Hapo ndo vinanunuliwa vitu vya ajabu ili hela isirudi.

Mdau au kampuni inanunua na kukabidhi: mpitie Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa mkoa kwanza, mpate barua inayotaja vifaa gani vinahitajika. Wadau wanapenda kushtukiza na mdoli wenye utepe kwa ajili ya picha. Mpe orodha mapema, na mwombe alipie na mapafu ya mwaka. Risiti ya EFD idaiwe.

Ndugu zetu wa ughaibuni wanaotuma mitumba ya zimamoto za kule: asanteni, ila tumeni picha na namba ya modeli kabla. Midoli ya zamani haina spea tena. Vya Marekani vinatumia umeme wa volti 120 na sisi ni 230, ukichomeka moja kwa moja chaja isiyokubali volti zote mbili inaweza kuungua. Na suala la msamaha wa kodi lifuatiliwe kabla mzigo haujapanda meli, ukishafika bandarini gharama za kuhifadhi zinahesabu kila siku.

Vifaa tiba vya kutumika kwa mgonjwa wa kweli (ambubagi, kola, mashine ya kupima oksijeni) viko chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), so nunua kwa muuzaji anayetambulika na usivichanganye kwenye fungu la mazoezi.

## Hatua ya 7: Pokea kwa kupima, sio kwa kusaini

Mwalimu awepo. Fungua kila boksi, na fanya hivi kabla ya sahihi yoyote:

1. Bonyeza kila mdoli mara 30 ukiwa umesimamisha rula pembeni. Klik au taa ije kwenye sentimita 5, sio 3.
2. Puliza kwa ambubagi kichwa kikiwa kimelala kawaida. Hewa isipite. Inua kidevu, puliza tena, kifua kipande. Mdoli unaopitisha hewa muda wote unamfundisha askari kusahau kufungua njia ya hewa.
3. Ambubagi: ziba tundu la mbele kwa kiganja, kamua. Ikibonyea kirahisi hata vali ya usalama (kama ipo) ikiwa imefungwa, inavuja, irudishe.
4. AED ya mafunzo: iwashe, bandika pedi, pitia zoezi zima mpaka mwisho, na rimoti yake ikiwepo ijaribu.
5. Sokota mkanda wa kubana damu mmoja kwenye paja la mtu mpaka ukaze. Kijiti kisipinde. Legeza hapohapo.
6. Hesabu mapafu. Yanapungua mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kilichofeli kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano palepale, na kisiingie kwenye leja ya stoo.

## Hatua ya 8: Tunza, ila vitumike

Funguo za kabati zikae kwa kiongozi wa shifti, sio kwa mtunza stoo anayeondoka saa tisa na nusu. Hili limeua mafunzo mengi kuliko ukosefu wa hela.

Baada ya kila kipindi futa nyuso kwa spiriti ya asilimia 70, badilisha mapafu kama watu walipuliza kwa mdomo. Sehemu zinazotoka, baada ya kuosha kwa sabuni, zinaweza kulowekwa dakika 10 kwenye maji ya klorini ya asilimia 0.05. Kwa Jik ya asilimia 3.5 hiyo ni kama mililita 15 kwenye lita moja, soma chupa maana nguvu zinatofautiana, na kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti kifuate hicho. Suuza, kausha kabisa kabla ya kufungia, unyevu unaleta ukungu ndani ya shingo.

Usiifunge midoli kwa magazeti na usiache kalamu za wino kwenye begi lake. Wino unaingia kwenye ile ngozi na hautoki tena. Na isilale kwenye gari juani, plastiki inalainika na kunata.

Kipindi kiwe kifupi, nusu saa mwanzoni mwa shifti mara moja kwa wiki, kuliko semina ya siku tatu mara moja kwa mwaka. Baada ya miezi mitatu chukua askari yeyote bila kumwandaa, mpe mdoli, hesabu dakika 2. Kama anabonyeza kati ya 100 na 120, anafika kina na hakai zaidi ya sekunde 10 bila kubonyeza, vifaa vinafanya kazi. Kama mapafu uliyonunua bado yako kwenye pakiti zake, rudi kwenye ishu ya funguo.